El Santo: mwanamieleka aliyeficha uso wake kwa zaidi ya miaka 40

Wengi wetu mieleka ya kulipwa tuliijulia kwenye kibanda cha video. Mabenchi ya mbao, jenereta inanguruma nje, na kwenye skrini mtu mfupi aliyefunika uso anaruka kutoka juu ya kamba. Huyo alikuwa Rey Mysterio. Watoto walimshangilia kuliko wale majitu wenye vifua vipana, na hakuna aliyejali kwamba sura yake hatuijui.

Swali lililotusumbua wakati ule lilikuwa jingine, na hadi leo halijaisha vijiweni: ile mieleka ni ya kweli au ni maigizo?

Leo tunalijibu kwa njia ndefu kidogo. Tunakusimulia maisha ya mtu aliyewatangulia kina Rey Mysterio, mtu aliyeifanya barakoa ya mieleka iheshimiwe kama kitu cha thamani. Hatuzungumzii barakoa ya wakati wa korona ya kuziba pua na mdomo. Hii ni ya kitambaa, inafunika kichwa chote na kufungwa kwa kamba kisogoni, ikiacha nafasi ya macho, pua na mdomo tu. Jina lake la kuzaliwa ni Rodolfo Guzmán Huerta. Watu wa Mexico walimwita El Santo, yaani Mtakatifu.

Mtoto wa Tulancingo

Rodolfo alizaliwa tarehe 23 Septemba 1917 katika mji wa Tulancingo, jimbo la Hidalgo, si mbali sana na mji mkuu wa Mexico. Alikuwa mtoto wa tano kati ya saba. Nchi ilikuwa katika misukosuko ya mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910, na maisha ya familia nyingi yalikuwa ya kuhamahama kutafuta riziki.

Miaka ya 1920 familia yake ilihamia Mexico City, katika mtaa wa Tepito. Ni mtaa wa masoko, wachuuzi na mafundi wadogo, na una sifa ya kutoa mabondia na wapiganaji. Rodolfo na kaka zake walipenda michezo, na baadhi yao waliingia kwenye mieleka. Mmoja wao, Miguel, alijulikana kwa jina la Black Guzmán.

Wakati huo mieleka ya kulipwa ilikuwa bado changa Mexico. Mwaka 1933 mfanyabiashara Salvador Lutteroth, aliyekuwa ameiona mieleka hiyo upande wa mpakani na Marekani, alianzisha kampuni ya kuandaa maonyesho mjini Mexico City. Wamexico wakaupa mchezo huo jina la lucha libre, yaani mapambano huru, na baada ya miaka michache ukawa mchezo wa watu wa kipato kidogo. Mtu anayetoka kazini aliweza kununua tiketi, akakaa juu kabisa kwenye viti vya bei rahisi, na akapiga kelele mpaka sauti ikauke.

Rodolfo alianza kupigana katikati ya miaka ya 1930. Hakuwa na mafanikio ya haraka. Alibadilisha majina kama mtu anayejaribu viatu dukani: mara Rudy Guzmán, mara Mtu Mwekundu, mara Shetani Mweusi. Kisha akajiita Popo wa Pili. Hapo akakanyaga waya wa umeme. Popo wa kwanza, Jesús Velázquez, alikuwa hai na anapigana, na alikuwa na umaarufu wa kuingia ulingoni na mfuko wa popo wa kweli na kuwaachia waruke juu ya watazamaji. Alilalamika kwenye tume ya mchezo, na tume ikamzuia Rodolfo kutumia jina hilo.

Tunaweza kusema hilo lilikuwa somo lake kubwa la kwanza: katika mieleka, jina na sura ya ulingoni ni mali. Ukikopa ya mwenzako, utanyang'anywa.

Jina jipya, mwaka 1942

Mwaka 1942 mwamuzi na meneja Jesús Lomelí alikuwa anakusanya kundi la wanamieleka watakaovaa rangi ya fedha. Alimpa Rodolfo majina matatu achague: Mtakatifu, Ibilisi au Malaika. Akachagua Mtakatifu. Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 24, akaingia ulingoni Mexico City kwa mara ya kwanza akiwa na barakoa ya fedha, katika pambano la watu wanane kwa pamoja.

Wengi wanadhani mtu mwenye jina hilo alianza akiwa mwema. La hasha. El Santo alianza akiwa mkorofi, na alibaki hivyo kwa takriban miaka 20.

Hapa inabidi tueleze. Katika mieleka ya Mexico kuna pande mbili. Upande mmoja ni wa mafundi, wanaopigana kwa ustadi na kufuata sheria. Upande wa pili ni wa wakorofi, wanaokaba, wanaochana barakoa za wenzao na kumzunguka mwamuzi akigeuka. El Santo alikuwa wa upande wa pili, na watu walimzomea kwa moyo wote. Lakini walikuja kumwona. Mkorofi mzuri hujaza ukumbi kama vile fundi mzuri.

Rafiki yake wa ulingoni alikuwa Gory Guerrero, na wawili hao walijulikana kama Jozi ya Atomiki. Ukilisikia jina Guerrero na kuhisi umelisikia mahali, hujakosea. Gory ndiye baba wa Eddie Guerrero, yule bingwa wa miaka ya 2000 tuliyemshangilia kwenye vibanda vya video. Na ile mbinu aliyoipenda El Santo, ya kumkalia mpinzani mgongoni kama mtu aliyepanda farasi, akamvuta kidevu kwa mikono miwili hadi akubali kushindwa, ilitoka kwa Gory.

Jioni moja ukumbini

Tuache maisha yake kidogo, twende tukakae na mashabiki, kwa sababu bila wao huwezi kumwelewa.

Onyesho la mieleka Mexico haliishii kwenye kumbi kubwa za mji mkuu. Lipo kwenye kumbi za michezo za mitaani, kwenye viwanja vya kupiganisha ng'ombe, na kwenye sherehe za mji mdogo siku ya mtakatifu wake. Ni kama ndondo ya huku kwetu: wapiganaji wengine mchana ni fundi gari au muuza duka, na jioni ni simba.

Nje ya mlango wapo wanaouza barakoa. Mtoto anashika mkono wa baba yake na kuchagua rangi. Ndani, ulingo ni mbao zilizowekewa turubai, na kamba tatu kuzunguka. Mshindi kwa kawaida ni yule atakayechukua raundi mbili kati ya tatu. Raundi inaisha mtu akibandikwa mabega chini mpaka mwamuzi ahesabu tatu, au akikubali kushindwa kwa maumivu. Anayemvua mwenzake barakoa kwa hila hupoteza pambano.

Mashabiki nao wana kazi. Bibi mwenye umri wa kuwa na wajukuu anasimama na kumtukana mkorofi, kisha anakaa na kuendelea kula karanga. Wengine wako upande wa mafundi, wengine upande wa wakorofi, na wanazomeana wao kwa wao. Mpiganaji akirushwa nje ya kamba, walio mbele hukimbia na kuacha viti. Watu wamefanya kazi wiki nzima bila kumjibu bosi neno. Usiku huu wanaruhusiwa kupiga kelele.

Na je, shabiki yule hajui kwamba mshindi amepangwa? Wengi wanajua, au wanahisi. Matokeo ya mieleka ya kulipwa hupangwa na waandaaji. Lakini mbao za ulingo hazijui mipango. Mtu akiruka kutoka juu ya kamba na kuangukia mgongo, anaumia kweli. Magoti yanachakaa kweli. Ndiyo maana swali la kweli au maigizo shabiki wa Mexico halimnyimi usingizi. Swali lake ni jingine: huyu anayepanda ulingoni ananiheshimu au ananidanganya ovyo?

Siku ya barakoa kwa barakoa

Pambano kubwa kuliko yote katika mieleka ya Mexico halina mkanda wa ubingwa. Ni barakoa kwa barakoa. Atakayeshindwa anavua barakoa mbele ya watu, anataja jina lake la kweli, na kuanzia hapo hairuhusiwi kuivaa tena ulingoni. Kwa mpiganaji, huo ni msiba mdogo. Jina alilolijenga kwa miaka linabaki, ila fumbo limekwisha.

Tarehe 7 Novemba 1952 El Santo aliweka barakoa yake rehani dhidi ya mpiganaji aliyeitwa Black Shadow. Lilikuwa miongoni mwa mapambano yaliyozungumzwa zaidi nchini humo. Black Shadow alishindwa, akavua, na watu wakaiona sura ya kijana aliyeitwa Alejandro Cruz.

Black Shadow alikuwa na mwenzake wa jozi, Blue Demon. Baada ya siku hiyo Blue Demon aliuacha ukorofi, akahamia upande wa mafundi, akaapa kulipiza kisasi. Alimshinda El Santo, na mwaka 1953 akamnyang'anya ubingwa wa dunia wa uzani wa welta. Lakini barakoa ya fedha hakuipata. Uhasama wao uliendelea kwa miaka mingi, na hata walipokuja kuigiza pamoja kwenye filamu kama marafiki, mashabiki waliendelea kubishana nani ni zaidi.

Kutoka ulingoni hadi magazetini na sinema

Mwaka huohuo wa 1952 mchapishaji José G. Cruz alianza kutoa kitabu cha hadithi za picha cha El Santo. Kilichanganya picha za kamera na michoro, na humo El Santo hakuwa mkorofi tena. Alikuwa mtetezi wa wanyonge. Watu walikinunua kwenye vibanda vya magazeti, na mmoja akimaliza alimpa jirani. Hivyo hata aliye kijijini, asiyeweza kufika ukumbini, alimjua.

Katikati ya miaka ya 1950 mieleka ilizuiwa kuonyeshwa kwenye televisheni Mexico. Mashabiki wakabaki na njia mbili: kwenda ukumbini, au kumfuata shujaa wao kwenye magazeti na sinema.

Filamu zake mbili za kwanza zilipigwa Cuba mwaka 1958, siku chache kabla ya jeshi la Fidel Castro kuingia Havana. Kuanzia hapo hakusimama. Alicheza filamu zaidi ya 50. Humo alipigana na wanawake wanyonya damu, maiti zinazotembea, na wanasayansi wenye nia mbaya. Maadui walibadilika, lakini kitu kimoja hakikosekani: katikati ya hadithi hukatizwa na pambano la mieleka kuanzia mwanzo hadi mwisho, na watu sinemani wakashangilia kama wapo ulingoni. Baadhi ya filamu hizo zilipotafsiriwa kwa Kiingereza, alipewa jina la Samson, yule shujaa wa Biblia mwenye nguvu.

Sasa shida ikazuka. Sinemani alikuwa mwema, ulingoni alikuwa mkorofi. Mwaka 1962 akahama rasmi upande, akawa fundi. Waliomzomea kwa miaka 20 wakaanza kumshangilia. Mpiganaji ni yuleyule na barakoa ni ileile, ila sasa jina la Mtakatifu lilikuwa limemkaa.

Gharama ya siri

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya barakoa ya fedha, mzigo wake aliujua aliyeivaa.

El Santo hakuwa akiivua hadharani. Alikuwa na barakoa maalumu iliyokatwa sehemu ya kidevu ili aweze kula mbele ya watu. Alipokwenda nje ya nchi kupiga filamu, alipanda ndege tofauti na wenzake, kwa sababu uwanja wa ndege ni lazima uonyeshe uso wako ukakaguliwe na pasipoti. Aliona ni heri asafiri peke yake kuliko wapiga picha na waigizaji wenzake waione sura yake.

Hebu fikiria maisha hayo. Kwa upande mmoja yalimpa uhuru ambao mastaa wengi hawana. Akivua barakoa, Rodolfo angeweza kupita sokoni kama baba yeyote mwenye watoto kumi, na ndivyo alivyokuwa, baba wa watoto kumi, bila mtu kumsumbua. Kwa upande mwingine, sifa zote zilikwenda kwa kitambaa. Watu walipolia kwa furaha walimlilia El Santo. Rodolfo Guzmán hakuna aliyemjua.

Na kitambaa kinaweza kuvaliwa na mwingine. Baadaye alipokosana na mchapishaji wa kile kitabu cha picha, kitabu kiliendelea kutoka, ila aliyekuwa ndani ya barakoa alikuwa mtu mwingine. Lile somo la Popo wa Pili lilimrudia, safari hii yeye ndiye mwenye mali inayotumiwa na mwenzake.

Kwa nini basi hakuivua mapema, akaongea na magazeti na kuuza sura yake? Kwa maoni yetu, ni kwa sababu ya yule mtoto wa mlangoni anayenunua barakoa ya fedha. Mtoto yule akiivaa, anaweza kuwa El Santo, kwa kuwa hakuna sura ya mtu mzima inayomwambia kwamba si yeye. Kila siku aliyoitunza siri ile, El Santo alikuwa anatimiza ahadi kwa mtoto huyo.

Siku za mwisho

Mwili una hesabu zake. Alipokaribia mwisho wa kazi, moyo wake ulimpa tabu akiwa ulingoni. Tarehe 12 Septemba 1982, akiwa amebakiza siku 11 kutimiza miaka 65, alipigana pambano la kuaga katika ukumbi wa El Toreo. Upande wake alikuwapo Gory Guerrero, rafiki wa zamani wa Jozi ya Atomiki. Mwaka huohuo mwanawe wa mwisho alianza kupigana kwa jina la El Hijo del Santo, yaani Mwana wa Mtakatifu, akiwa na barakoa ya fedha kama ya baba.

Baada ya kustaafu hakutulia nyumbani. Alifanya maonyesho jukwaani, ya kujinasua kutoka kwenye minyororo na masanduku. Mwishoni mwa Januari 1984 alialikwa kwenye kipindi cha televisheni. Hapo, bila kutangaza kabla, aliinua barakoa yake kwa kitambo kifupi, akaonyesha sehemu kubwa ya uso wake. Alikuwa mzee wa kawaida. Watazamaji waliduwaa.

Siku chache baadaye, tarehe 5 Februari 1984, alifariki kwa mshtuko wa moyo baada ya onyesho kwenye ukumbi wa Teatro Blanquita, Mexico City. Alikuwa na umri wa miaka 66. Wapo waliosema aliinua barakoa kwa kuwa alijua anaondoka. Sisi tunasema tu kwamba mambo hayo mawili yalifuatana.

Alizikwa akiwa amevaa barakoa yake ya fedha. Maelfu walijaa barabarani. Miongoni mwa wanamieleka waliomsindikiza walikuwa Blue Demon, mpinzani wake wa miaka mingi, na Black Shadow, yule aliyevuliwa barakoa mwaka 1952. Blue Demon naye alifariki mwaka 2000, na yeye pia akazikwa na barakoa yake. Leo mjini Tulancingo ipo sanamu ya El Santo, na uso wa sanamu hiyo umefunikwa.

Basi ni kweli au ni maigizo?

Turudi kwenye swali letu la kibandani. Mshindi hupangwa, hilo tumelisema. Lakini miaka 40 na zaidi ya kula na barakoa, ya kusafiri peke yake, ya kuanguka kwenye mbao mpaka uzeeni, hiyo hakuna aliyempangia. Hiyo ilikuwa kweli.

Na mashabiki nao walikuwa na sehemu yao. Wapo waliojua jina lake, majirani, waamuzi, wapiganaji wenzake. Hawakulitangaza. Hata usiku ambao barakoa yake ilichanwa na paji la uso kutoka damu, alijifunika kwa mikono na pambano likaendelea. Siri ile iliishi kwa sababu pande mbili zilikubali kuitunza, aliyevaa na waliotazama.

Hapa Afrika mchezo huu upo pia. Wenzetu wa Kinshasa wana mieleka yao ya mitaani, yenye ngoma, maandamano na vitimbwi vya uganga, na mashabiki wanaolipa kidogo na kupiga kelele nyingi. Kama siku moja vijana wa karibu nawe wakifunga kamba nne uwanjani na kutangaza mieleka ya jioni, usianze kwa kuwacheka kwamba wanaigiza. Lipa kiingilio, mchague wa kwako, mzomee mkorofi. Na ukimkuta kesho yake gereji, uso wazi na mikono ina grisi, msalimie kwa jina lake la kila siku. Lile la ulingoni mtunzie.